Nilienda Lamu kujitolea kufundisha, nikaishia kufundishwa kukuna nazi

Binti wa Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Niliahidi kwamba nikirudi nitaandika, na deni ni deni. Habari za kazi yenyewe, yaani kufundisha watoto kusoma na kushika kompyuta saa za jioni, nitaziweka siku nyingine. Walionifuata inboksi karibu wote wameuliza chakula, basi tuanze na chakula.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu ni viazi, mahindi, maharage na sweta. Nazi nilikuwa naila nikishuka Dar, kuikuna sijawahi. Safari yenyewe ni ndefu: basi Dar hadi Mombasa kupitia Horohoro, basi jingine Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, halafu boti. Nilipangiwa familia moja mtaa wa Langoni, Lamu mjini. Kuna Mama, mumewe ambaye ni nahodha, watoto wanne, na Bibi, aliyemzaa Mama.

Nilifika nimejiandaa. Nina daftari jipya na kimizani kidogo cha betri, maana nilitaka nirudi na mapishi yaliyonyooka, gramu kadhaa, dakika kadhaa. Jiko la nyumba ile liko juu kabisa, chini ya paa la makuti. Mwanzoni niliona tabu kupandisha makaa na maji ngazi zote zile, mpaka nilipoona moshi unavyochukuliwa na upepo wa bahari bila kugusa vyumba vya chini. Siku ya pili asubuhi nikapanda, nikaamkia, nikasema, "Bibi, naomba unifundishe kupika." Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akanitazama, akaitazama mizani, akarudi kwenye uteo wake. Baada ya kitambo akainua mkono, "Ndoo!"

Nikashuka mbio bafuni, nikambebea ndoo. "Ndoo!" Nikashuka tena, nikaijaza maji. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Kwa wasiojua Kiamu, ndoo ni njoo. Mchele ni mtele, mchuzi ni mtuzi, maji ni mai, chini ni tini. Mimi niliyeaga kwetu nikijigamba naenda nje ya nchi lakini lugha ni yangu, nikajikuta nahitaji mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Mpaka naondoka, yule mdogo wao wa mwisho alikuwa ananiita Ndoo.

Wiki ya kwanza sikugusa sufuria. Nilitumwa. Soko la Lamu liko pale ubavuni mwa ngome, na mimi nilikuwa naliendea hata mara tatu kwa siku: ndimu, dania (giligilani yetu), kitunguu thomu (saumu), rudi ukachukue pilipili. Siku ya kwanza ya samaki nilileta changu wawili, nikiwa nimefurahia bei. Bibi akambonyeza mmoja kwa kidole. Kidimbwi kikabaki palepale hakirudi. Hakunigombeza. Alimkata vipande akawatupia paka, na Lamu ina paka wa kutosha kumaliza aibu ya mtu. Kesho yake tukaenda wote, akanionyesha: funua matamvua uyaone mekundu, jicho liwe limetuna, na umnuse huku hujali muuzaji anasema nini.

Nakuja na nazi. Nimeitwa kula.

Kariakoo Ndani

Naweka kiti na chai. Hiyo ya ndoo nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wakanitazama. Tupia na picha basi.

Binti wa Baridi

Mkuu, picha za jikoni sina na sitakuwa nazo. Kule juu wanawake wako bila mtandio, wako kwao. Mara ya kwanza nilipoinua simu binti mkubwa alijifunika kanga uso mzima, na kazi ikasimama. Tangu hapo simu ikawa inabaki chini.

Sasa nazi. Mbuzi ya kukunia wengi mnaijua: kiti cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno. Nilivyodhani mimi ni kwamba unakaa unasugua. Bibi akanionyesha kwamba unaanza pembeni, kwenye ukingo wa kifuu, unazungusha nazi kidogo kidogo na mkono wa kushoto huku wa kulia ndio unaosukuma, na hushuki ndani mpaka ukingo umeisha. Ukianza katikati, meno yanateleza yanakula kidole. Nina alama. La pili, ukifika kwenye lile ganda la rangi ya udongo, acha. Mimi kwa ubahili wa kikwetu nilikuwa nalikwangua mpaka kifuu kinang'aa, tui likatoka la kijivu. Bibi akauliza kama nimekuna nazi au nimekuna mbao.

Halafu kukamua. Maji ya uvuguvugu kidogo sana kwa tui la kwanza, lile zito, linawekwa kando. Maji zaidi kwa la pili, jepesi. Chujio lao ni kifumbu, mfuko wa kusukwa unaounyonga mpaka mikono inauma. Machicha wanapewa kuku wa jirani. Vifuu havitupwi, vinakaushwa vikasaidie makaa.

Wali wenyewe: tui jepesi na chumvi linachemshwa, mchele uliooshwa unaingia, na maji yakikaribia kukauka ndipo tui zito linamwagwa juu, mfuniko, na unapalia makaa juu ya mfuniko. Chini unaacha moto kidogo. Hapo ndipo nikatoa daftari, "Bibi, mchele kiasi gani?" Ana kopo la zamani la maziwa ya unga analoliita kibaba. Vibaba viwili kisaga, vinne pishi, hesabu zile tulizosoma shuleni tukadhani zimekufa. Nikasema afadhali, hapa nimepata kipimo. Nikapima kopo lake kwa siri siku tatu, nikapata gramu tofauti siku zote tatu. Mpaka nilipogundua Bibi anajaza kwa kusikiliza ngazi. Akisikia hodi ya mtu ambaye hakuhesabiwa, kopo linapewa kilima.

Mizani niliirudisha kwenye begi.

Mtoto wa Mkunguni

Dada, karibu tena Lamu. Mimi ni mwenyeji wa hapa na nyumbani kwetu tumekaa na wageni wa kujitolea kama hawa, wa Ulaya, wa Marekani, na wenzetu wa Nairobi. Nakushukuru umesema lile la kutumwa, maana nataka niongeze upande wa mwenye nyumba ambao huwa hauandikwi.

Mgeni akija anasema anataka kujifunza kupika. Vizuri. Lakini anachotaka ni saa moja ya kukuna nazi, apigwe picha, kisha ashuke akaoge. Sufuria zinabaki. Mamangu alikuwa na neno lake kwa hao, alikuwa akiwaita wageni wa juu ya mtuzi, kwa sababu wanaelea kama mafuta. Na kuoga kwenyewe! Watu hawajui kwamba maji matamu ya mji huu yanatoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Mtu anafungulia bomba anaimba nyimbo tatu, na mama huku juu ana mchele wa kuosha.

Lingine ni pesa. Wageni hulipa kwa shirika lililowaleta, wakaamini tumbo lao limeshalipiwa. Kwetu tuliwahi kupokea malipo ya mgeni baada ya mgeni mwenyewe kurudi kwao. Hatukumwambia, ni aibu kumwambia mgeni habari ya unga. Tulikopa dukani.

Sisemi watu wasije. Nasema mkija muulize.

Binti wa Baridi

Kaka, umenigusa pabaya kwa sababu na mimi niliangukia hapohapo. Ada yangu niliilipa yote kabla sijapanda basi, imeandikwa "malazi na milo". Mwezi wa pili nikamsikia Mama anamwambia muuza makaa asubiri Ijumaa. Nilivyouliza akanicheka, akasema nisijali mambo ya watu wazima. Binti mkubwa ndiye aliyenitobolea siri: hela ya mwezi wa kwanza ilikuwa haijafika. Jina la shirika silitaji, tumeshamalizana kwa barua pepe ndefu.

Nikajua kumpa Mama pesa mkononi hatapokea. Nikaanza kupita sokoni nikitoka kazini bila kutumwa, leo nazi, kesho mkungu wa ndizi. Mara ya kwanza Bibi alizigonga nazi zangu moja moja, akazitikisa sikioni kusikia maji, mbili akazitenga, "hizi rudisha". Nikarudisha! Muuzaji akanibadilishia bila neno, nafikiri alijua zinatoka kwa nani. Jioni ile nikapewa kisu na vitunguu. Ndiyo siku nahesabu nilianza kusoma.

Mpemba Halisi

Uzi mzuri. Ila bado hujasema samaki wa kupaka, na mimi ndicho nilichofuata humu.

Binti wa Baridi

Nilikuwa nakihofia hicho, maana kina kisa.

Samaki anapigwa chale pande zote mbili, anapakwa thomu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, anakaa. Kisha makaa, mpaka aive karibu kabisa. Pembeni tui zito liko jikoni na bizari ya manjano, thomu, pilipili na ukwaju, unakoroga mpaka linakuwa zito la kushika mwiko. Ndipo unampaka, unageuza, unampaka tena, na lile tone linalodondokea makaa ndilo linalotoa harufu inayoita majirani.

Siku ninayoisema walikuja wageni kutoka Faza, ndugu za baba mwenye nyumba. Ilikuwa kipindi cha kusi, bahari imechafuka, wavuvi hawatoki mbali, nguru mmoja wa maana aliyepatikana sokoni alikuwa amegombewa. Mama yuko kwenye wali, Bibi anaswali, nikaachiwa tui. Nazi nne. Tui zito la nazi nne ni saa nzima ya mikono yangu mwenyewe. Nikasikia simu inaita huko chini, ni nyumbani Njombe. Nikafunika sufuria, nikashuka, dakika tano hazikufika.

Nikirudi nafunua: mafuta juu yanang'aa, chini maji ya njano na punje punje kama maziwa yaliyoganda vibaya. Limekatika. Nikakoroga kama mwendawazimu, nikaongeza maji, nikapunguza moto, wapi. Nikakaa chini nikaanza kulia, na nguru yuko pale juu ya makaa ananitazama na jicho lake moja.

Bibi akaja na mswala wake mkononi. Akachungulia. Hakuuliza nani. Akasema, "Tui halifinikwi," akamtuma mtoto dukani, akakalia mbuzi mwenyewe na miaka yake ile, akakuna mbili. Lile lililokatika halikumwagwa, lilipikiwa mihogo kesho yake na hakuna aliyelalamika. Wageni walikula wamechelewa kidogo, na Bibi akawaambia nguru ndiye aliyechelewa kutoka baharini.

Mpemba Halisi

Pole sana dada. Lakini nyanya umeisahau. Tui la kupaka bila nyanya halina rangi.

Mtoto wa Mkunguni

Nyanya? Kwenye kupaka? Ndugu yangu, huo ni mtuzi umeupakia samaki. Ukali utoke kwenye ukwaju au ndimu.

Mahamri Moto

Mombasa sisi tunatia tungule na hatujafa. Kwanza tunazisaga.

Mtoto wa Mkunguni

Hamjafa ila mmepotea.

Mpemba Halisi

Anaetia embe mbichi tumuweke upande gani?

Mtoto wa Mkunguni

Huyo apewe kiti karibu na mimi.

Kariakoo Ndani

Nimefunga Ramadhani uzi huu hausomeki mchana, naurudia usiku. Swali la kweli: mwanamume je? Na mimi nimepata nafasi ya kujitolea Malindi miezi miwili, nataka kujifunza, lakini kwa maelezo haya ya mtandio naona jikoni sitaingia.

Mahamri Moto

Huingii, na usilazimishe. Hata ukiambiwa karibu, hiyo karibu ni ya heshima, wanawake watakaa na buibui kwenye joto la moto kwa ajili yako. Nenda kwa wapishi wa harusi. Pwani hii pilau na biriani ya shughuli hupikwa na wanaume, uani au barabarani, masufuria makubwa ya kuchukua mbuzi wazima na miiko kama makasia. Mwambie mwenyeji wako akutambulishe. Utaanza kwa kumenya gunia la vitunguu, utalia mpaka Isha, lakini usiku ule utajifunza moto ambao dada huyu hakuuona. Asubuhi kaa na wauza mahamri na mbaazi. Huko jiko liko nje na kila mtu anaona.

Na kwa kuwa sikuulizwa, nasema: unga wa ngano kilo moja, sukari kikombe, hamira kijiko kikubwa, iliki uitwange mwenyewe, na tui zito ukitia taratibu mpaka unga ukusanyike. Maji usitie, ukitia maji hiyo ni andazi. Uache uumuke mpaka ukibonyeza urudi. Mafuta yakiwa makali hamri inaungua nje ndani mbichi, yakiwa baridi inayanywa. Ikiingia tu, imwagie mafuta juu kwa upawa, ndipo inapovimba.

Kariakoo Ndani

Vitunguu naviweza. Asante mama.

Mahamri Moto

Mimi ni baba wa watoto watatu, lakini haya.

Sinia Moja

Dada, mimi ni Mkristo kutoka Kitale, nimeitwa Lamu kwa kazi kama yako na nimepangiwa familia pia. Je, kula kulikuwaje? Walikutengea sahani?

Binti wa Baridi

Siku mbili za mwanzo walinitengea, na kijiko juu. Nilidhani ni ubaguzi, kumbe ni ukarimu, walikuwa wanaogopa nisijisikie vibaya. Siku ya tatu nikakaa kwenye mkeka na wanawake na watoto, nikaosha mkono. Unakula mbele yako, hupeleki mkono kwenye upande wa mwenzio, na mkono wa kulia peke yake. Kipande kizuri cha samaki utaona kinasogezwa mbele yako kimyakimya. Usikirudishe mara moja, kula kidogo kisha umsogezee mtoto. Kuhusu dini hakuna aliyenisumbua. Nilivaa gauni refu na mtandio nikitoka, na saa za swala nikaacha kelele. Jumapili Bibi ndiye aliyekuwa akinikumbusha, "Wewe huendi kanisani yeo?"

Kitu kimoja: usiwapelekee nyama kama zawadi. Peleka sukari, majani ya chai, au kitambaa. Mimi nilipeleka viazi vya Njombe kilo kumi, nikavibeba mwenyewe mpaka kwenye boti, na ndiyo zawadi iliyopendwa kuliko zote. Vikapikwa viazi vya karai, Bibi akauliza kama kwetu vinaota vyenyewe.

Kariakoo Ndani

Umalizie basi, umepika huko kwenu?

Binti wa Baridi

Nimepika. Nilichukua nazi sita sokoni Dar nikipita, na mbuzi ambayo Mama alinipa siku ya kuondoka, amenifungia ndani ya kanga. Nikasema Jumamosi nitawapikia nyumbani wali wa nazi, mama yangu na wadogo zangu wote. Ijumaa usiku, kwa kujifanya mjuzi, nikakuna na kukamua kabisa ili asubuhi nisichelewe. Tui zito nikaliacha kwenye bakuli jikoni, nimelifunika sahani.

Mnaijua Njombe ya mwezi wa saba. Asubuhi nainua sahani, tui limeganda. Juu kuna bamba jeupe gumu kama mshumaa, ukilipiga kijiko linalia ko ko. Mama yangu akachungulia akauliza kwa nini nimeweka blubendi nyingi hivyo kwenye bakuli. Nikaona nimeliharibu tena, nazi sita, na huku hakuna wa kukimbilia dukani.

Nikapiga simu Lamu. Mama wa kule akapokea, akampelekea Bibi juu, nikawa nasikia ngazi na paka. Nikaeleza. Bibi akanyamaza. Akauliza tena, limekuwaje? Nikasema limeganda Bibi, kama jiwe, ni baridi. Akauliza, "Mumelitia kwenye friji?" Hapana Bibi, jikoni tu. Akamwita Mama, akawaita na watoto, nikasikia anawaambia kwamba kwa kina Ndoo tui hulala likaamka jiwe. Kila mmoja akataka kusikia mwenyewe, simu ikazunguka nyumba nzima na salio langu likiteketea.

Mwisho ikarudi kwake. Akasema niliweke karibu na moto, mbali kidogo, nikoroge kwa mkono mmoja bila kuacha.

"Na sahani hiyo toa," akasema. "Nilikwambia tui halifinikwi."